Unga gani wa kumpikia mama mwenye kisukari: dona, mtama au wa lozi?

Binti_Kigamboni:
Habari zenu wapendwa. Mama amekutwa na sukari wiki iliyopita, kaambiwa apunguze wanga. Kesho nashuka Kariakoo kununua unga wa mwezi mzima. Nimebaki na vitatu: dona, mtama, au huu unga wa lozi ambao dada mmoja kazini anausifia. Upi unafaa? Nikikosea, hela ya mwezi ndiyo imekwenda.

Nesi_Mstaafu:
Pole mwanangu, na mama mpe pole. Anatumia dawa gani, vidonge au sindano? Ana miaka mingapi? Alipimwa ikasoma ngapi, akiwa amekula au hajala? Figo zimeangaliwa? Bila hayo tutakupa ushauri wa mgonjwa mwingine.

Mkulima_Singida:
Mtama. Babu zetu wamekula mtama na hizi sukari hawakuzijua. Nunua punje, peleka mashineni mwenyewe, usichukue wa pakiti.

Kijana_wa_Lushoto:
Mzee Mkulima, kwa heshima zote: sembe, dona, mtama, gramu 100 za unga mkavu zinapita gramu 70 za wanga kote huko. Muhogo ndio unazidi, unavuka 80. Dona ina nyuzinyuzi, inashibisha haraka, ila wanga upo palepale. Mimi wali nimeuacha, natumia koliflawa, gramu 100 ina wanga kama gramu 5, wakati wali uliopikwa una 28. Unaikwangua kama karoti, unaitupia kwenye kikaango chenye kitunguu na mafuta kidogo, dakika tano basi. Usifunike. Ukifunika inatoa maji na kugeuka uji.

Mkulima_Singida:
Koliflawa ni mboga. Mtu mzima ukimpa mboga ukamwambia ni wali, amelala njaa.

Mvita_001:
Babu zetu walishika jembe toka alfajiri mpaka jua la utosi, ndugu yangu. Huku Mombasa kila mgonjwa anaambiwa sima ya wimbi (ulezi) ni dawa, basi anajipakulia mlima. Nimejipima mwenyewe saa mbili baada ya kula. Sima ya wimbi sahani tele: 13.1. Sima nyeupe ya kawaida, nusu ngumi, na samaki na mchicha mwingi: 8.4. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu rangi ya unga.

Bi_Machicha_Tanga:
Mbona hakuna anayetaja machicha? Ukishakamua tui usiyatupe. Yaanike juani siku mbili mpaka yalie kama mchanga ukiyasugua kiganjani, kisha yasage kwenye blenda. Huo ndio unga wa nazi, na umeshamlipa muuza nazi tayari. Wa lozi bei yake unalisha nyumba nzima. Chapati zake hazishikamani bila yai: vijiko vinne vya unga, mayai mawili, maji kidogo, uache unga unywe maji dakika kumi. Zigeuze kwa sahani, ukitumia mwiko zinakatika.

Binti_Kigamboni:
Asanteni sana. Mama ana miaka 61, alipimwa asubuhi hajala, 14.2. Anameza metfomini na kidonge kingine cheupe kidogo asubuhi, jina sikulishika. Nimeamua kumkatia ugali kabisa kuanzia kesho, mboga na nyama tu.

Mwalimu_Moro:
Dada, subiri kwanza. Naomba niseme kwa urefu. Baba yangu alikuwa kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Nami nilisoma huku na kule nikamwondolea ugali, wali na viazi siku moja, nikimpenda. Siku ya kwanza 7.2, tukafurahi. Siku ya tatu akameza kidonge chake kama kawaida, akala mayai na matembele, mchana akasema hana njaa. Saa tisa usiku mama ananigongea mlango: mzee shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Tukapima: 2.6. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, robo saa baadaye akanitambua. Kliniki wakatuambia dawa ile inausukuma mwili utoe insulini hata kama hukula. Walimpunguzia dozi ndipo tukapunguza chakula. Mpaka leo nikisikia mlango unagongwa usiku moyo unaruka.

Nesi_Mstaafu:
Ndiyo maana niliuliza. Metfomini peke yake ni nadra kushusha hivyo. Hicho cheupe ndicho ninachokitaka. Niandikie jina lililo kwenye pakiti kabla hujaenda sokoni, na usikate chakula mpaka umeongea na daktari wake.

Mkulima_Singida:
Pole sana Mwalimu. Lakini uji wa mtama asubuhi usingemfikisha huko.

Kijana_wa_Lushoto:
Uji nao unapandisha, mzee! Na hizi za lishe zenye ulezi, soya na karanga, watu wanakunywa bakuli mbili.

Mvita_001:
Uji wa wimbi bila sukari na maziwa lala, kikombe kimoja, mimi haunisumbui. Vijiti vya kupimia ndivyo vinavyoniumiza mfuko.

Binti_Kigamboni:
Nesi, mama amelala na pakiti iko chumbani kwake. Nitaangalia alfajiri. Bi Machicha, sisi tunatumia tui la boksi, hayo machicha nitayapata wapi?

Bi_Machicha_Tanga:
Tui la boksi kwa mgonjwa? Hebu kwanza tuzungumze hilo.