Shule ya kata hapa jirani au ya amali mbali? Mtoto anaanza kidato cha kwanza

MamaViazi_Uyole
Habari za jioni wakuu. Kijana wangu kapangiwa shule ya kata hapa Uyole, Mbeya, dakika ishirini kwa mguu. Mjomba wake kang'ang'ania nihangaikie uhamisho, aende shule ya serikali yenye mkondo wa amali (masomo ya ufundi na kazi za mikono), ng'ambo ya pili ya mji, asomee umeme. Ni kweli anapenda kuchokonoa: redio yangu ya jikoni ameshaifungua mara mbili, skrubu moja mpaka leo haijaonekana. Ada hakuna kote kuwili. Nishaurini.

FundiMwanjelwa
Mpeleke amali, dada. Mimi nilisoma ufundi enzi hizo huku kwetu zikitajwa Iyunga na Ifunda tu. Tasta niliyoshikishwa shuleni ndiyo inalisha wanangu.

TichaChaki
Fundi, taratibu. Ufundi wako siyo amali hii. Hii imekuja na sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, kidato cha kwanza wakaanza Januari 2024, kwa hiyo kundi la kwanza linafika kidato cha nne 2027. Mama, achana na bango la getini. Nenda siku ya masomo, omba kuoneshwa karakana. Mabenchi yana makovu ya koleo na vipande vya waya chini, au yana vumbi? Walimu wa umeme wangapi? Mita moja ya kupimia umeme inagombaniwa na wanafunzi wangapi? Kuna mahali nilifika (sitaji) mashine zimo kwenye maboksi, zinasubiri umeme wa njia tatu. Hapo mtoto anachora tu soketi kwenye daftari.

BintiWaKyela
Na nauli je? Mdogo wangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri. Juni hiyo, na baridi ya Uyole mnaijua. Darasani akawa anasinzia, upimaji wa kidato cha pili ukamkwamisha, akarudia mwaka.

MamaViazi_Uyole
Hilo la alfajiri limenichoma. Leo nimepita shule ya kata. Mchango wa chakula ni mahindi debe moja na maharage, watoto wanakula makande. Ila mwalimu wa fizikia ni mmoja shule nzima.

TichaChaki
Mmoja anayeingia darasani si haba. Kijana akishika fizikia na hisabati vizuri, baada ya kidato cha nne anaomba diploma pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, au anaenda VETA, chuo cha ufundi stadi. Njia bado ipo.

FundiMwanjelwa
Hapo nakataa, Ticha. Mtoto mwenye mikono ukimkalisha miaka minne anakariri, anachoka kabla hajafika huko unakosema. Mimi hesabu za umeme nilizielewa siku nilipounguza fyuzi.

Sae_Mpole
Mnabishana bure. Hiyo ya amali ina bweni? Ikiwa nalo, hoja ya alfajiri imekufa.

MamaViazi_Uyole
Bweni lipo, limejaa, nimeambiwa nisubiri. Jumatatu naenda na kijana mwenyewe tukaangalie hayo mabenchi. Fundi, ile skrubu ikionekana nakuletea redio.

FundiMwanjelwa
Ilete hata bila skrubu. Na kijana uje naye.