Majimbo kamili au tubaki na kaunti 47? Nauliza kama mtoto wa Molo

mtoto_wa_molo:
Wakuu hamjambo. Kwa grupu letu la familia la WhatsApp kumewaka moto tangu juzi. Binamu yangu anasema huu ugatuzi wa katiba ya 2010, wa kupeleka madaraka kwa kaunti, haujafika popote, dawa ya Kenya ni majimbo kamili, kila jimbo na polisi wake na kodi yake, kila jamii itulie kwao na hatutapigana tena kila uchaguzi. Mamangu akasoma hiyo meseji, hakujibu kitu, akatoka kwa grupu.

Niwaambie kwa nini. Babu alinunua ekari tano Molo, huku Bonde la Ufa, miaka ya sabini kupitia kampuni ya kununua mashamba, mama ameolewa hapo, sisi wote tumezaliwa hapo. 1992 nilikua darasa la pili tukalala kanisani wiki tatu, na neno lililokua linatangulia mishale ni hilo hilo majimbo, ati madoadoa, yaani sisi wageni, watoke. 2008 ikarudi tena. Mama aliporudi kuangalia nyumba alikuta mabati yameng'olewa na mbao zimebebwa, kilichobaki ni mlango wa jikoni umesimama peke yake kwa fremu yake, kufuli bado imefungwa, na ufunguo alikua nao amefunga kwa pindo la leso.

Sasa swali langu na naomba majibu ya kweli. Kuna nchi imewahi kutoka kwa vita vya makabila, ikagawana madaraka kwa maeneo, na wale wanaoitwa wageni ndani ya hayo maeneo wakabaki salama? Walifanyaje?

jicho_la_mzee:
Pole sana kwa mama. Hilo neno halikuanza na damu lakini. 1963 waliolitaka ni chama cha KADU, akina Ngala, Muliro na Moi, jamii ndogo ndogo zilizoogopa kumezwa na chama kikubwa cha KANU, na ile hofu ilikua ya haki kabisa. Katiba ya uhuru ikawapa mikoa na seneti, ila serikali kuu ikawanyima pesa, Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe na mwezi uliofuata tukawa jamhuri, majimbo yakafa. Balaa ilikuja 1991 vyama vingi vilipokaribia, wakubwa wa KANU wakalifufua kwa mikutano kule Bonde la Ufa wakiwa wamelipa maana nyingine kabisa, sio tena mdogo alindwe, sasa ni mgeni afukuzwe. Likoni kule Mombasa 1997 ni wimbo ule ule tu, hapo aliyetakiwa atoke ni mtu wa bara.

Waliokaa kuandika katiba baada ya 2008, watu zaidi ya 1,100 wakiwa wamekufa kwa vita vya baada ya uchaguzi na laki kadhaa kwa mahema, walilijua hilo. Ndio maana ikawa kaunti 47 na sio mikoa minane. Bonde la Ufa peke yake likatoa kaunti 14! Hakuna kabila kubwa lililopata nchi yake ndogo ya kutawala. Nigeria walifanya hivyo mapema, Mei 1967 mtawala wa kijeshi Gowon alikata zile mikoa nne zikawa majimbo 12, siku tatu kabla Ojukwu wa mashariki atangaze kujitenga kama nchi ya Biafra, leo ni 36. Ile vita ikaisha na nchi ikabaki moja. Lakini kwa swali lako la mgeni, hapo Nigeria wamefeli. Mtu anazaliwa mji wa Jos, baba yake amezaliwa Jos, na bado ananyimwa cheti cha kuonyesha yeye ni wa pale, na bila hicho cheti kazi ya serikali na nafasi za chuo ni shida, na watu wameuana juu ya hilo mara nyingi.

nesi_wa_zamu:
Huku kwetu cheti ni kipande. 2019 nilienda intavyuu kwa kaunti fulani, sitaitaja, nimefanya kazi pale pale miaka sita kwa hospitali ya misheni na lugha yao naongea vizuri. Yule mzee wa paneli hakufungua vyeti vyangu vya uuguzi, aligeuza kipande nyuma akasoma wilaya na lokesheni, akanirudishia polepole akasema "asante madam tutakupigia." Mpaka leo. Baadae nikajua kuna sheria ya serikali za kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kwa hivyo sheria iko, tena nzuri, wa kuisimamia ndio hayuko.

Lodwar_kwetu:
Nimesoma yote na nawahurumia, lakini msimwage mtoto pamoja na maji ya kuogea. Nyinyi mnaongea wageni, sisi wa Turkana tulikua wageni Kenya nzima. Shangazi yangu alibebwa kwa lori ya mbuzi usiku kucha akiwa na uchungu wa kuzaa, zahanati ya karibu ilikua na kufuli na daktari wa wilaya alikua anasubiri sahihi ya Nairobi hata ya kununua dizeli. Sasa ile zahanati iko na nesi na friji ya chanjo ya sola, na gavana akilala tunajua nyumba yake iko wapi. Mnakumbuka 2020 seneti ilipokwama miezi juu ya fomyula ya kugawia kaunti pesa, watu wakisema shilingi ifuate idadi ya watu? Hapo tungeumia sisi. Walibishana kikao baada ya kikao mpaka mfuko ukapandishwa toka bilioni 316.5 hadi 370 ndio wakaelewana. Hakuna aliyerusha jiwe. Kwangu hiyo ni amani.

aliyekaa_Addis:
Mimi nilifanya kazi Addis miaka minne, acha nimjibu binamu. Ethiopia ndio walifanya hicho anachotaka. Katiba yao ya 1995 ilichora majimbo kwa kufuata makabila, na kifungu cha 39 kinaruhusu kila taifa na kabila hata kujitenga. Tusiwaonee, kuna watoto leo wanasoma kwa lugha ya mama ambayo zamani ilichekwa shuleni, hiyo ni heshima kubwa. Lakini kitambulisho cha mtaa kilikua na sehemu ya kuandika kabila. Mwenzangu ofisini baba yake Mworomo mama yake Mwamhara, aliniambia karani alimuuliza wewe ni nani, akasema wote wawili, karani akasema chagua moja. Na kila jimbo lilikua na kikosi chake chenye silaha, kwa hivyo Novemba 2020 jimbo la Tigray lilipokosana na serikali kuu majeshi yalikua tayari yapo, na ardhi ya Welkait, mpakani, Waamhara wanasema yetu Watigray wanasema yetu. Vita ikaenda miaka miwili mpaka mkataba wa amani wa Pretoria.

Bosnia nao, mkataba wa amani wa Dayton 1995 ulisimamisha mauaji kweli, ila urais ni wa watu watatu, Mbosnia Mwislamu, Mkroati na Mserbia. Mtu mmoja wa jamii ndogo ya Waroma na Myahudi mmoja walienda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kwa sababu katiba haiwaruhusu kugombea, wakashinda 2009, na katiba bado haijabadilishwa.

mtoto_wa_molo:
Asanteni sana, nimekaa na haya majibu siku nzima. Lodwar umenigusa, sikua nimefikiria kwamba kitu kinachomtisha mamangu kwako ni friji ya chanjo. Kwa hivyo hela na zahanati ziendelee kushuka chini, hapo sina ubishi tena. Ila kabla hatujaongeza nguvu nyingine nataka nione hicho kifungu cha 65 kina meno, kaunti isiyofika 30 ikatwe pesa hadi nesi wetu apigiwe simu.

Binamu nimemtumia huu uzi. Nimemuuliza kitu kimoja tu, hiyo polisi ya jimbo itakayolinda shamba la mama pale Molo ataiajiri nani. Amesoma, tiki ni za bluu, nasubiri.