Naomba ushauri: kufundisha subjonctif ya Kifaransa

Wakuu, habari. Kuunda subjonctif (umbo la kitenzi linalofuata maneno kama "il faut que", yaani "lazima") ni rahisi kwa vitenzi vya kawaida: chukua "ils finissent" (wanamaliza), ondoa -ent, weka -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent. Unapata "que je finisse", "que nous finissions".

Kinachokwamisha ni vitenzi vinavyoishia na -er, kama parler (kuzungumza). "Il parle" na "qu'il parle" havitofautiani hata herufi moja, kwa hiyo mwanafunzi haoni badiliko, kisha anaandika "il faut que nous parlons" badala ya "parlions".

Kiswahili kinasaidia kwenye "lazima amalize", kwa kuwa nacho kinabadili mwisho wa kitenzi, lakini kinapotosha kwenye "ingawa anamaliza", ambapo hakibadiliki, maana "bien que" (ingawa) inadai "finisse". Je, nianze na finir (kumaliza) na vendre (kuuza), vya -er vifuate? Na "bien que" mnaifundishaje?