Rotax 582 imenoki: tufufue, tununue mtumba au tuhamie fo-stroki?

Kapripointi_Juu
Mwangaluka wakuu. Natunza ka-ndege ka bosi wangu, kale ka bawa la turubai ka viti viwili, injini Rotax 582 ya tustroki inasukuma kwa nyuma. Tuko kiwanja cha nyasi nje kidogo ya Mwanza. Jumamosi asubuhi rubani kanyanyuka, yuko kama futi 200 hivi injini ikalia kama mtu aliyekabwa, nguvu ikaisha ikazima, akashukia mbele hapo hapo kwenye shamba la mihogo. Yeye mzima, ndege imepinda uma wa gurudumu la mbele basi. Injini ukizungusha pangaboi kwa mkono inagoma, halafu inapita kwa kukwaruza. Ina masaa 210.

Sasa kila mtu ana lake. Bosi anataka pistoni mpya wiki ijayo turuke. Rubani anataka Rotax 912, ile ya fo-stroki, kasema tustroki hapandi tena. Na kuna jamaa upande wa Kenya anauza 582 ya mtumba, anaapa ina masaa 60 tu. Nipeni ulinganisho wa ukweli maana mwisho wa siku wa kulaumiwa ni mimi.

FundiMwaloni
Lete Kirumba mkuu unahangaika nini. Mayamaha ya mitumbwi tunayafufua hapa kila wiki, silinda inachongwa, pistoni ovasaizi, ringi mpya, kesho mtu yuko zake Ukerewe. Tustroki ni tustroki.

Resi_Kamili
FundiMwaloni heshima yako kaka, ila ya mtumbwi ikizima unachukua kasia. Hiyo ikizima futi 1,000 juu ya ziwa una kama kilomita mbili za kuteleza halafu maji. Kitabu cha Rotax wenyewe kinaonya kwamba injini hii inaweza kuzima ghafla, yaani mwenye mali kakwambia kabla hujanunua.

Halafu mnalinganisha bei wakati hamjui mgonjwa kafa na nini. Ukiweka pistoni mpya juu ya ugonjwa ule ule utaua na hiyo mpya. Kapripointi vua ekzosi, chungulia pistoni kupitia tundu la moshi, silinda zote mbili. Mikwaruzo ikiwa sehemu nne kuzunguka pistoni, hiyo ilibana kwa baridi, rubani kafungua resi yote maji hayajapata moto, pistoni ikatanuka haraka kuliko silinda. Kwenye 582 unasubiri maji yafike kama digrii 65 kwenda juu ndo unaondoka, siyo kuwasha na kukimbia. Mikwaruzo ikiwa upande wa moshi tu, ilichoma, petroli ilikuwa kidogo hewa nyingi. Kichwa cha pistoni kikiwa na tundu au kimeliwa liwa, hapo ndo tuongelee mafuta mabaya.

Shangazi_Nansio
Mimi nasema ni mafuta tu. Hivi vituo vya njiani mtu anachanganya na mafuta ya taa, EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta 2010 kwa sababu hiyo hiyo na bado watu wanajaribu. Pikipiki inavumilia, hiyo haivumilii.

Kapripointi_Juu
Nimechungulia. Silinda ya mbele safi kabisa, kama jana. Ya nyuma, upande wa pangaboi, imekwaruzika upande wa moshi tu, michirizi mirefu, na alumini imeganda kwenye silinda.

Resi_Kamili
Basi shangazi samahani, siyo mafuta. Mafuta mabaya au oili kidogo visingechagua silinda, tenki ni moja. Kwenye 582 kila silinda ina kabureta yake na mpira wake wa kuishikilia, na chini kila moja ina chumba chake. Kilichougua ni upande mmoja, kwa hiyo tafuta kitu kilichoko upande huo tu: jeti (katundu ka kupimia petroli ndani ya kabureta) imeziba, mpira wa kabureta umepasuka, au sili ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) upande wa pangaboi inavuta hewa. Vua huo mpira uukunje kwa vidole, usiutazame tu ukiwa umefungwa, ufa wake unajificha.

Kapripointi_Juu
Duh. Umepasuka kwa chini, nusu duara nzima. Ukiwa umefungwa huoni kitu, naapa. Na mimi huwa naufuta vumbi kila asubuhi.

FundiMwaloni
Sasa si ndo rahisi, mpira mpya, pistoni moja, twende. Silinda ndani ni chuma, hiyo alumini inatolewa, unapima, ikiwa bado ndani ya kipimo unapiga honi tu, yaani kuisugua ndani kwa jiwe, hata kuchonga huchongi.

Resi_Kamili
Kwa silinda nakubaliana na wewe asilimia mia. Kwa chini hapana. Alumini iliyokwanguka haikubaki juu yote, nyingine imeshuka kwenye beringi za kranki, na kranki yenyewe siyo kipande kimoja kama ya gari, ni vipande vimeshindiliwa kwa presi, kuifungua na kuirudisha inyooke siyo kazi ya nyundo na mbao. Kapripointi, hiyo injini ina miaka mingapi tangu ifungwe mpya?

Kapripointi_Juu
Saba. Lakini masaa ni 210 tu, si wanasema ovaholi (kuifungua yote na kuifunga upya) ni masaa 300?

Resi_Kamili
300 au miaka mitano, kinachotangulia. Watu wanasoma nusu ya sentensi. Miaka saba hapa ziwani na unyevu huu, ndege inakaa wiki tatu bila kuwashwa, beringi zinashika kutu mdogo mdogo. Kwa hiyo wazo la bosi la pistoni wiki ijayo lifute, ni ama ovaholi kamili na kranki mpya au injini nyingine.

Msukuma_wa_Musoma
Hapo kwenye mtumba ngoja niseme maana mimi nimeliwa. Nilinunua 582 ya "masaa 40", kweli ilikuwa masaa 40, ila ilikaa stoo miaka nane. Niliruka nayo masaa kumi na moja beringi ikaanza kuimba. Nilichojifunza: masaa machache siyo sifa, uliza ilikaa wapi na ilikaaje, plagi zilifungwa, ilimwagiwa oili ndani? Angalia kikopo cha oili ya rotari vali (kisahani kinachozunguka kuruhusu hewa na petroli kuingia), ikiwa imegeuka kama maziwa jua maji ya rejeta yameshaingia, sili ya pampu ya maji imekufa. Uliza kichwa cha silinda ni cha kijivu au cha bluu, ya bluu ndo toleo la karibuni. Gia boksi pia, usije ukaletewa ya uwiano tofauti na pangaboi lako.

Na jamaa yuko Kenya gani? Kama ilikuwa pwani imewekwa jeti za usawa wa bahari. Huku ziwa lenyewe liko mita 1,134, hewa nyepesi, itakunywa petroli mpaka plagi ziwe nyeusi, nguvu hupati. Hiyo haiui. Inayoua ni kinyume chake, iliyopunguziwa jeti za huku ukaishusha Tanga bila kugusa kitu.

Bawa_Jekundu
Niwatetee kina rubani kidogo. Nimerusha zote. 912 ni dunia nyingine: silinda nne, farasi 80 kwa ile ndogo kabisa, masaa mpaka ovaholi kwa za sasa ni 2,000, na kwenye kruzi, mwendo wa kawaida angani, inakula petroli pungufu ya 582. Mimi nikivuka maji sitaki kitu kingine.

ILA. Bei ya mpya unanunua Noah mbili na chenji ya mafuta inabaki. Ni nzito, ukishafunga kila kitu imezidi kama kilo 20 na zaidi, na hizo kilo zinakaa nyuma ya bawa lilelile. Fremu, mauntingi, pangaboi, rejeta, vyote vinabadilika, na bawa linaweza kuwa halijaruhusiwa uzito huo. Muulize mtengeneza ndege kabla ya muuza injini, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wajue, kubadili aina ya injini siyo kufungua bolti nne. 582 mpya usiote, Rotax wameacha kuitengeneza. Hirth wa Ujerumani bado wana tustroki, ila spea hata Nairobi utasubiri.

Shangazi_Nansio
Na wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi? Filta ya hewa wanaijaza dakika mbili. Mnaongelea Ujerumani hamjaongelea hilo.

Resi_Kamili
😂 Shangazi hapo umenipata. Kapripointi, filta iangalie kila wakipita.

Kapripointi_Juu
Jibu limetoka. Mtengenezaji kasema bawa letu 912 halibebi, kwa hiyo rubani kanuna. Mtumba nimeachana nao, jamaa nilipouliza ilikaa wapi akaanza kunipunguzia bei. Bosi kakubali kwa shingo upande: kranki mpya, pistoni zote mbili, sili zote, mipira yote miwili, jeti zipimwe hapa hapa. Miezi miwili spea kufika. Silinda nazileta Kirumba kwa kipimo na honi, FundiMwaloni andaa maikromita siyo kucha. Na tumekubaliana hakuna kuvuka kwenda Ukerewe na tustroki, ni kuzunguka ufukweni tu palipo na mashamba ya mihogo.

FundiMwaloni
Maikromita ipo. Ila ile pistoni iliyokwaruzika na ule mpira usitupe, niletee, nina vijana wawili wa chuo cha ufundi VETA wako field hapa wanaamini kila injini ikifa ni ringi.