Wenye nyumba, choo kinachovuja siyo "ombi" la mpangaji!

Wakuu, hii "ulivyoikuta ndivyo ilivyo" imezidi. Mtu kalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, kampa dalali mwezi mmoja, wiki haijaisha anasema flashi inavuja, anaambiwa anapenda makuu. Makuu gani hayo?

Wala hakihitajiki choo kipya. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, msiflashi kwa dakika 20. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini umekwisha. Kama maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada (lile la wima ndani ya tangi, la kupokea maji yakizidi), shusha floti hadi yasimame sentimita 2 hivi chini ya mdomo wake. Kisha kagua nyumba nzima: subiri simtank ijae, funga koki zote, tazama mita ya maji. Bado inazunguka? Kuna bomba linavuja, na mara nyingi limo kwenye ukuta uleule mnaoupaka rangi kila akija mpangaji mpya! Rangi itabambuka tu, plasta imelowa. Ziba bomba, kwangua, acha ukuta ukauke kabisa ndipo upake.

Kinachokera zaidi ni hita ya kuogea. Mpangaji akiiomba, haya ni maboresho, mwenye nyumba una haki ya kukataa. Ila kumwambia "tafuta fundi uweke mwenyewe" ni hatari. Hita ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24. Fundi wa bei chee anaiunga kwenye laini ya soketi, waya wa 2.5 (milimita za mraba, yaani unene wake), breka inakata, naye anabandika breka kubwa zaidi. Sasa breka haikati tena, waya unaungua ndani ya ukuta! Hita itoke kwenye bodi ya breka na laini yake: waya wa 6, breka ya ampea 32, ethi ya kweli (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja), pamoja na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Anayeoga kalowa mwili mzima jamani.

Andikianeni: nani ananunua, inakatwa kwenye kodi au la, akihama inabaki au anang'oa. Siku ya kukabidhi funguo zungukeni pamoja, fungueni kila koki, jaribuni kila soketi kwa chaja ya simu, pigeni picha, sainini wote.

Na badilisheni vitasa! Aliyehama anaweza kuwa alichongesha funguo za akiba, na mlango ni uleule.