Tupeane uzoefu: upasuaji wa gegedu la goti na miezi inayofuata

Mwanzisha uzi (Dar)

Habari za humu wadau. Tangu nifanyiwe upasuaji wa goti, haipiti wiki bila mtu kunipigia kuuliza: "Ulikaa muda gani mpaka ukatembea?" Nami huuliza kwanza: wewe unafanyiwa nini hasa? Wengi hawajui. Wanajua tu wanaenda kutengenezwa goti. Hapo ndipo watu wanapopata tabu, maana wanalinganisha goti lao na la jirani aliyefanyiwa kitu kingine kabisa. Wodini nililala karibu na kijana mmoja. Sote tulikuwa na vijitundu viwili mbele ya goti, plasta zimefanana, kwa nje usingetutofautisha. Yeye asubuhi alikanyaga akaenda msalani mwenyewe. Mimi nilikatazwa kugusisha hata unyayo sakafuni.

Ndani ya goti kuna magegedu ya aina mbili. Kuna lile linalofunika ncha za mifupa, jeupe, linateleza, ndilo linalofanya mifupa isisagane. Halafu kuna meniska, vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, kimoja upande wa ndani na kimoja wa nje, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko na kupokea uzito wa mwili. Gegedu la mfupa halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichubuka halijitibu vizuri. Meniska inapata damu ukingo wa nje tu. Ikichanika huko, inaweza kushonwa ikaunga. Ikichanika kule ndani kusikofika damu, mara nyingi daktari anaondoa kile kipande kilichochanika na kusawazisha. Kwa hiyo kuna kukata, kushona, kutoboa mfupa, na kupandikiza. Kila moja ina kalenda yake.

Ukichangia, tafadhali anza kwa kutaja ulifanyiwa ipi. Yangu nitaileta chini.

Kiungo Mkabaji (Mwanza)

Mimi: kukata. Niliumia kwenye ndondo, mguu umebaki chini mwili umegeuka. Nikadhani nimetegua tu. Baada ya muda goti likawa linakwama, limekunjika na halinyooki mpaka nilizungushe taratibu likubali. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya goti, kikaonyesha meniska ya ndani imechanika, kipande kimeingia katikati ya mifupa.

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, sikupigwa nusu kaputi, kwa hiyo nilikuwa macho. Daktari akaniuliza kama nataka kutazama skrini. Wanajaza goti maji ya chumvi ili papanuke, kamera inaingia tundu moja, vifaa tundu la pili. Nilikiona kile kipande kinapepea ndani ya maji, cheupe, kimechakaa pembeni. Kikashikwa, kikakatwa, kikatoka. Kwa kweli baada ya kukiona kwa macho yangu sikuwa na shaka tena kwamba nilihitaji kutibiwa.

Magongo nilitumia siku chache tu. Lakini kutembea na kupona ni vitu viwili. Kitu ambacho sikuambiwa ni jinsi paja linavyosinyaa haraka. Nilipovua suruali mbele ya kioo, paja moja lilikuwa la mtu mwingine. Mazoezi ya kulirudisha ndiyo kazi yenyewe. Kukimbia niliruhusiwa kuanzia wiki ya sita hivi, mpira baadaye. Kipimo changu kilikuwa jioni: goti likivimba, ujue leo umezidisha, kesho punguza.

Mama Genge (Mbagala)

Mimi: kushona. Wanawake wenzangu soma hapa vizuri.

Daktari akikwambia "tumeshona", furahi kwa sababu meniska yako imebaki, lakini jiandae kukaa. Nilivalishwa kifaa cha goti chenye vyuma pembeni na bawaba, kimefungwa lisikunjike kupita nyuzi 90 kwa wiki sita. Kuchuchumaa nilikatazwa mpaka miezi minne ipite, maana goti likikunjika sana na uzito juu yake, uzi unavutwa.

Sasa fikiria nyumba zetu. Choo ni cha kuchuchumaa. Jiko la mkaa liko chini, unakaa kwenye kigoda magoti yamefika kifuani. Kufua ni beseni chini. Hospitali waliniambia usichuchumae, nikaitikia, kumbe maisha yangu yote yako chini! Mume wangu alichukua kiti cha plastiki cha mikono, akakata tundu katikati, akalainisha kingo kwa kisu cha moto, tukakiweka juu ya choo. Jiko likapandishwa juu ya matofali mpaka usawa wa kiuno. Maji ya kuoga nayo yakawekwa juu ya stuli. Mambo haya yafanye KABLA hujaenda kulazwa, usisubiri urudi na magongo ndipo uanze kutafuta kiti.

Na wageni. Kila aliyekuja kunipa pole alitaka kunichua kwa mafuta ya moto. Nilikataa kwa adabu, mama mkwe nikamwomba abaki mlangoni kunisaidia kukataa. Akawaambia, "Ndani pameshonwa, hapaguswi." Genge nilirudi baada ya miezi miwili, nauza nimekaa kwenye kiti kirefu, mwanangu ndiye anainama kwenye matenga.

Mzee wa Tanga

Wanangu, mimi sikupasuliwa, na ndiyo sababu naandika. Nina miaka 61. Goti lilianza kuuma lenyewe, sikuanguka wala kugongwa. MRI ikasema meniska imechanika. Nilikuwa tayari kuuza hata kiwanja nipasuliwe. Daktari akanikalisha akanieleza kwamba kwa umri wangu huo ni uchakavu, na kwamba Finland walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2013: watu 146 wenye meniska zilizochakaa, nusu wakakatwa kipande kweli, nusu wakaingizwa kamera na kufanyiwa kama wanaokatwa, lakini hawakukatwa kitu. Wenyewe hawakujua nani ni nani. Mwaka ulipopita, nafuu ya makundi yote mawili ikawa karibu sawa.

Akanipeleka fiziotherapia na kunitaka nipunguze uzito. Maumivu hayajaisha yote ila nashuka ngazi bila kushika ukuta. Naswali kwenye kiti, sijdah nainamisha kichwa. Mwanzoni nilisikia uchungu moyoni kuacha kugusa paji la uso chini. Imamu akanikumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Ningeongeza tu kwamba goti linalokwama kama la mkuu wa Mwanza, au la kijana aliyeumia ghafla, ni suala jingine. Hilo lisiachwe likisubiri.

Yangu ni hii: kutoboa mfupa. Gegedu linalofunika mfupa wa paja lilikuwa limebanduka sehemu ndogo, mfupa uko wazi. Daktari anasafisha kingo, kisha anatoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili damu na uboho vitoke, vigande pale, na pale paote tishu mpya. Njia hii ilienezwa na daktari Richard Steadman wa Vail, Colorado, miaka ya 1980. Tishu inayoota inafanana zaidi na kovu gumu kuliko na gegedu la asili, kwa hiyo unalilinda lile donge la damu kama kitu cha thamani, likikandamizwa mapema linaharibika. Ndiyo maana wiki sita hadi nane hukanyagi, lakini goti lazima likunjwe na kunyooshwa kila siku bila uzito. Michezo ya kuruka ni miezi mingi mbele.

Zile wiki zilikuwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Maumivu yameisha, unajisikia mzima, na bado umekatazwa. Watu wanakuona unadeka. Kama una ndugu aliyefanyiwa hii, tafadhali mwamini.

Fizio (Arusha)

Nawafanyia mazoezi wagonjwa wa namna hii. Naomba niongeze machache.

Usilale na mto chini ya goti. Unaona raha, lakini goti linazoea kukunjika na kulinyoosha baadaye ni machozi. Mto uweke chini ya kisigino, goti lining'inie lenyewe. Zoezi la kwanza kwa karibu kila mtu: kaa kitandani mguu umenyooka, kunja taulo uiweke chini ya goti, kisha kaza msuli wa mbele wa paja ukilikandamiza taulo, hesabu mpaka tano, achia. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, isigusane na ngozi.

Ngazi na magongo: kupanda, mguu mzima unatangulia; kushuka, magongo na mguu mgonjwa vinatangulia.

Na rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya: homa, kidonda kinatoa usaha au kinazidi kuwa chekundu, goti linavimba ghafla, au kigimbi kinauma na kujaa upande mmoja. Hilo la mwisho linaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ikifuatiwa na kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, usingoje hata dakika.

Mbeba Box (Ujerumani)

Kupandikiza. Ni upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza wanachukua kipande kidogo cha gegedu lako, chembe zake zinakuzwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha unarudi zinapandikizwa palipobanduka. Wasweden wa Gothenburg ndio walioripoti mwanzo, mwaka 1994. Kurudi kwenye mpira niliambiwa nihesabu mwaka. Zingatia miaka na uzito wako, na kama pengo ni kubwa. Si kila goti linafaa.

Bodaboda wa Tegeta

Wakuu, mimi nimepangiwa mwezi ujao, goti la kushoto, daktari kasema ataamua akiingia ndani kama atakata au atashona. Swali langu ni moja, nitarudi lini kwenye pikipiki? Nina hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni.

Fizio (Arusha)

Kaka, ongea na tajiri sasa hivi, na mwambie inaweza kuwa wiki chache au miezi mitatu minne, kwa sababu wewe mwenyewe utajua ukishaamka. Ukizinduka tu, waulize: mmekata au mmeshona? Waandike kwenye cheti. Mguu wa kushoto ndio wa gia, na ndio unaoweka chini pikipiki ikiinama foleni. Kabla hujapakia mtu nitataka nione umesimama kwa mguu huo mmoja bila kutetemeka, na umeizuia pikipiki iliyoegemea upande huo. Njoo na cheti wiki ya kwanza, tutapanga mazoezi kuanzia hapo.