Sokwe wa Gombe mbona bado wako hatarini?

mtoto_wa_Mwandiga: Wakuu habari za jioni. Gombe yetu ya Kigoma ni hifadhi ya taifa tangu 1968, sokwe wanalindwa, sasa kwanini bado tunaambiwa wanaweza kuisha?

Mgebuka_mkavu: Mkuu ile hifadhi ni ndogo mno, vilima tu kando ya Ziwa Tanganyika, ukivuka mpaka wake unakutana na mihogo na michikichi. Zamani msitu ulikuwa mkubwa, tumekata mkaa tumelima mpaka miteremkoni, sokwe wamebaki kama wako kisiwani. Na jike akikua kawaida anahama kundi alilozaliwa akazae kwingine, sasa ahamie wapi, shambani kwako?

dada_Ujiji: Na magonjwa jamani! Mafua yetu haya haya yanaua sokwe. 1966 uliwapitia ugonjwa kama polio, wengine wakapooza mikono kabisa. Halafu jike anazaa mtoto mmoja, anakaa miaka kama mitano ndo anazaa tena, kwahiyo wakifa hata wachache tu pengo halizibiki leo wala kesho. Ndo maana wageni wanavalishwa barakoa, sio mbwembwe.

mtoto_wa_Mwandiga: Duh, nilijua tatizo majangili tu. Ila mkaa tukiacha, huo mtungi wa gesi nani ananijazia?

Mgebuka_mkavu: Hapo sasa 😂 muulize mwenyekiti wa kijiji